Kifuniko cha Bluu

Gari lilikuwa limeshapita kigoda na linakata kona kwenye ndoo ya maji pale mgeni alipojitokeza uani bila hodi. Likamwendea moja kwa moja. Mama yule akaruka pembeni, kanga kaikusanya magotini.

"Yesu wangu! Panya gani huyu mwenye matairi?"

Felisita akaachia kitufe. Gari likasimama kidole kimoja tu kutoka kwenye kandambili za mgeni.

"Samahani, mayu. Ni gari. Naliendesha na hii." Akainua rimoti.

"Mwangaluka kwanza," mgeni akamkumbusha salamu.

"Mwangaluka, mayu." Felisita akapiga goti kidogo kwa aibu. Alipoinuka ndipo akaona alichoshika yule mama: kifuniko cha bluu, kipana kama kisahani, cha pampu ya kupulizia dawa. Alikijua.

"Naitwa Kabula, natoka Ngulyati. Namtafuta fundi Athanasi."

"Baba alifariki, mayu. Mwaka jana, mwezi wa sita."

Kabula akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa, akashika tama. "Sikusikia. Nilikuwa Geita namuuguza binti yangu, misimu miwili. Januari nimemzika." Akakipangusa kifuniko kwa ncha ya kanga. "Pole, ng'wanone, mwanangu."

"Pole na wewe, mayu."

Fundi Athanasi hakuwa mtu wa risiti. Mkulima akimletea pampu ya mgongoni, zile za betri, alifungua kifuniko cha tangi na kumrudishia mwenyewe aondoke nacho. "Ukirudi nacho," alikuwa akisema, "hata mimi nisipokuwepo, pampu yako utaikuta." Pampu isiyo na kifuniko haibebeki, dawa itakumwagikia mgongoni, kwa hiyo hapakuwa na wa kuiazima wala wa kuiiba. Siku mwenyewe akirudi, Athanasi alikifunga kifuniko kwa mkono wake, mizunguko miwili na nusu, kisha akakigonga juu kwa kidole. Hapo kazi imekwisha.

Kabla hajakata roho alimwita Felisita kando ya kitanda. "Zisizo na vifuniko zina wenyewe. Usiziuze. Usizifungue." Felisita akasema, "Sawa, baba."

Zilikuwa tisa. Wenyewe walikuja mmoja mmoja na vifuniko vyao, wakaondoka nazo. Ikabaki moja, ya bluu. Miezi ikapita bila mtu kuiulizia, na siku moja Felisita alichukua bisibisi, akaifungua, akatoa mota.

Alikuwa amemaliza chuo miaka mitatu iliyopita. Shahada yake ya elektroniki ilikaa kwenye faili la plastiki pamoja na nakala za barua za maombi ya kazi, na barua zilikuwa nyingi kuliko majibu. Gari alilianza na kipande cha ubao, ili mikono isisahau ilichosomea. Matairi aliyakata kwenye soli za kandambili. Bodi ilikuwa dumu la mafuta ya kula. Gia alizichonga kwa wembe uliopashwa moto, jino kwa jino, akaziharibu mara kumi na moja kabla hazijakubali kuumana. Rimoti ilitoka kwenye alamu ya pikipiki ya Marcelo, bodaboda wa jirani: kitufe cha kufunga kilipeleka magurudumu kushoto, cha kufungua kulia, cha kuwasha injini kilisukuma gari mbele. Kitufe cha king'ora alikiacha kilivyo, kiwe honi. Lakini kabla ya mota ile ya pampu lilikuwa pambo tu. Mota ndiyo iliyolifanya gari.

Na leo, Ijumaa, lilikuwa na pa kwenda. Kituo kimoja cha ubunifu kutoka Dar kilikuwa kinachagua vijana watatu wa mkoa wa Simiyu, mafunzo mwaka mzima, kisha ajira. Kila mshiriki akabidhi kifaa chake ukumbini, hapo hapo Bariadi mjini, kabla ya saa kumi jioni. Kitabaki mikononi mwao hadi Jumanne, kikijaribiwa. Mwisho wa umri miaka ishirini na saba. Felisita alikuwa anatimiza ishirini na nane mwezi unaofuata.

"Funza wameingia kwenye pamba," Kabula alikuwa anasema. "Jana nimepasua vitumba kumi, saba vina funza. Dawa ninayo, iko ndani. Wenye pampu kila mtu yuko shambani kwake, wananiambia wiki ijayo. Wiki ijayo nitapulizia vijiti?" Akacheka kidogo, peke yake. "Nikasema, Athanasi aliniambia nitaikuta."

Felisita akaangalia gari. Lilikuwa bado pale liliposimama, limetulia.

"Sijaiona, mayu," akasema. "Nadhani baba aliiuza."

"Athanasi aliuza?"

"Alikuwa mgonjwa sana."

Kabula akainuka, akakiweka kifuniko juu ya kigoda alichokuwa amekalia. "Basi hiki nitembee nacho cha nini? Baki nacho. Labda kitakufaa kwenye hicho kigari chako." Akaondoka kama alivyokuja, bila kuaga vizuri.

Felisita alibaki amesimama. Maneno aliyoyasema yalikuwa bado mdomoni, machungu kama dawa ya minyoo. Angeweza kusema pampu imeibwa. Angeweza kusema hajui. Katika yote yaliyokuwepo alichagua kumtupia marehemu.

Akapiga simu Mwanza, kwa muuza vipuri. Mota kama ile hawana, waagize Dar, wiki nzima. Madukani Bariadi kulikuwa na pampu mpya kabisa, lakini hakuwa na cha kununulia. Akaifungua mota ya gari, akajaribu kuweka ya deki ya zamani, akabonyeza. Gari likatetemeka kama kuku mwenye mdondo, lisisogee hata unyayo. Akairudisha ile ya pampu. Likakimbia vizuri mpaka ukutani.

Akawaza: nikabidhi leo, Jumanne nikalichukue, jioni pampu iwe Ngulyati. Siku nne tu. Akakichukua kifuniko, akaingia ndani, akainama chini ya meza iliyotazamana na mlango, ilipokaa pampu, akakijaribisha kwenye mdomo wa tangi. Kikaingia bila kubisha. Vitumba saba kati ya kumi, tena hiyo ilikuwa jana.

Akaketi sakafuni. Betri ya pampu ilikuwa imevimba kwa kukaa bila chaji, kwa hiyo mota peke yake isingetosha. Ilibidi atoe na betri ya gari. Kabla ya kukata waya wa mwisho alibonyeza kitufe cha king'ora. Honi ikalia mara moja. Akakata.

Marcelo alifika saa nane kama walivyopatana, shati amepiga pasi. "Injinia! Panda twende, nimeosha hadi pikipi..." Akaona bodi ya dumu imelala kichwa chini, waya nje. "He! Umelipasua tumbo?"

"Nipeleke Ngulyati."

"Ngulyati kuna nini? Ukumbi uko hapa tu, hata ukitambaa unafika!"

"Pampu ya baba. Mwenyewe amekuja."

"Akangoje! Miezi minane unagongagonga humo ndani kama kigogota, watu hatulali mchana, leo ndiyo siku yenyewe unaniletea habari za pampu? Huyo mwenyewe anajua mota yake ilikuwa humo?"

"Hajui. Nimemwambia baba aliiuza."

Marcelo alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza la Athanasi. Akaifunga pampu nyuma ya pikipiki kwa mpira, akaikaza mara mbili, akapiga kiki. Njia nzima hakumwita tena injinia.

Kabula walimkuta katikati ya shamba, kopo mkononi. Alikuwa anawaokota funza mmoja mmoja na kuwatumbukiza kwenye maji ya sabuni. Majani yalikuwa yametoboka kama chujio, na chini ya miche vitumba vilivyodondoka vililala vyeusi. Hata mtu asiyelima angeona kwamba sehemu kubwa ilikuwa imeshakwenda.

"Mwadila, mayu," Felisita akamsalimu. "Baba hakuiuza. Mimi ndiye niliyeifungua."

"Niliiona," Kabula akasema, bila kuacha kazi. "Iko chini ya meza yako, na kile kiraka changu cha lami ubavuni. Nikasema huyu msichana amezeeka macho kabla yangu."

"Mbona hukusema?"

"Nipigane na mtoto aliyefiwa? Nikaona nikuachie kifuniko. Ukija, umekuja."

"Na kama nisingekuja?"

Kabula akadondosha funza mwingine. "Ningeendelea na kopo."

Felisita akaishusha pampu, akamwonyesha betri aliyoifunga chini yake kwa mpira wa baiskeli, swichi, na namna ya kuichaji. Kabula alisikiliza yote. Kisha akashika bega lake la kulia. "Hili halibebi tena lita kumi na sita. Kijana wa jirani ndiye angenisaidia, naye ameenda mnadani na ng'ombe. Iache hapo, ng'wanone. Kesho nitamwomba."

"Umesikia?" Marcelo akadakia. "Iache. Saa tisa na dakika chache hizi, tukiruka sasa hivi tunawahi. Hata kama gari halitembei utawaeleza, una mdomo. Felisita, watakuandika jina angalau!"

Felisita akatazama barabara. Toka pale mawe ya mlima yalionekana, na vumbi la basi lililokuwa linaelekea Bariadi. Akajiona ukumbini, amesimama mbele ya meza, anaeleza gari lisilo na mota kwa watu wenye haraka.

"Hii dawa, mayu," akauliza, "itaokoa kiasi gani?"

"Hivyo vilivyotobolewa havifufuki. Labda ile mistari ya kule juu." Kabula akanyoosha kidole. "Labda gunia moja. Labda hata hilo halitajaa."

"Lete maji."

"Felisita!" Marcelo akasema.

"Nisaidie kubeba ndoo, Marcelo, au nenda. Sitakulaumu."

Marcelo akalaani pikipiki, akalaani pamba, akamlaani na funza aliyekuwa karibu na kiatu chake, kisha akachukua ndoo.

Walijaza tangi, wakachanganya dawa. Felisita akajifunga kanga ya Kabula puani na mdomoni. Kabula akanyoosha mkono afunge kifuniko, Felisita akamzuia. Akakifunga mwenyewe: mzunguko mmoja, wa pili, nusu. Akakigonga juu kwa kidole.

Marcelo akamwinulia pampu mgongoni. Ilikuwa nzito kuliko alivyofikiri. Akabonyeza swichi, na mota ikaanza kuvuma, mvumo uleule aliouzoea sakafuni kwao. Akaingia mstari wa kwanza wa juu, barabara ya Bariadi ikiwa mgongoni pake.