Ligi Bado Mbichi

Tangu mwezi wa nne, alipomzika mkewe Eliza kwenye migomba nyuma ya nyumba, Mzee Eliufoo alikuwa akisubiri jambo moja tu: ligi ya vyuo ianze. Watoto wake wawili walikuja msibani kutoka Dar es Salaam, wakakaa siku tisa, wakarudi kazini. Kahawa yake ilikuwa imezeeka na hakuwa na nguvu ya kuing'oa. Alibaki na ng'ombe mmoja, na asubuhi nyingi sauti ya kwanza kutoka kinywani mwake ilikuwa ya kumsemesha ng'ombe huyo. Wazee wa usharika wa kijijini kwake Kidia walipopita kumjulia hali, aliwajibu, "Namshukuru Mungu. Ligi ikianza nitakuwa sawa." Walicheka wakidhani anatania.

Hakuwa anatania. Kwa miaka ishirini na tisa alikuwa mtunza stoo ya michezo katika chuo kimoja cha ualimu mjini Moshi. Ndiye aliyefua jezi nyeusi na nyeupe zilizoipa timu jina la Mbega, ndiye aliyejaza mipira upepo na kushona nyavu zilizotoboka. Alipostaafu, alirudisha funguo za stoo lakini timu hakuiacha. Kila Jumamosi ya mechi alishuka mjini, akaketi katikati ya mashabiki wanachuo, akawapigia ngoma mpaka mikono ikavimba. Walimwita Babu. Walimaliza masomo yao baada ya miaka miwili, wakaja wengine, nao wakamwita Babu. Eliza alikuwa akimtania, "Haya, nenda kwa wajukuu zako wa kukodi," kisha anamfunikia chakula chake.

Basi ligi ikaanza. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa kumi, uwanja wa nyumbani, jua kali, mlima umefunikwa na mawingu tangu asubuhi. Eliufoo alikuwa amenyoa ndevu na kupiga pasi shati. Grace, binti mrefu wa mwaka wa pili aliyekuwa mwenyekiti wa mashabiki, alimpokea getini kwa mikono miwili. "Shikamoo, Babu! Pole sana na msiba, tulisikia tukiwa likizo."

"Marahaba, mama. Yamepita. Leo tunashinda."

Wakafungwa tano bila. Wapinzani wao, vijana wa chuo cha kilimo, walikuwa wazuri kuliko wao kila mahali, hilo kila mwenye macho aliliona. Lakini mabao mawili yalikuwa makosa ya kipa wao, Denis. La kwanza lilikuwa shuti jepesi, mpira ukampita katikati ya mikono kama aliyeipaka sabuni. La tatu alitoka golini kufuata mpira wa juu, akaukosa kabisa, akaanguka kifudifudi huku mshambuliaji akitembea nao mpaka wavuni. Mashabiki wa upande wa pili walicheka mpaka wakashikana mabega. Eliufoo aliacha kupiga ngoma. Alihisi kifuani kitu kile kile alichokihisi hospitalini siku daktari alipotoka chumbani kwa Eliza na kufunga mlango taratibu nyuma yake.

Filimbi ya mwisho ilipolia, wachezaji walikuja kuwapungia mashabiki, kama ilivyo desturi yao. Denis alikuwa wa mwisho, glovu zimebanwa kwapani, macho chini. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na moja kutoka Chekereni, kule kwenye mashamba ya mpunga, mpole, asiye na maneno mengi. Alipofika mbele ya Eliufoo alisimama akainamisha kichwa kumwamkia.

"Shikamoo, Babu."

Eliufoo hakuitikia. Alisimama juu ya benchi, na sauti iliyomtoka ilisikika mpaka upande wa pili wa uwanja.

"Wewe nani alikwambia una mikono ya kudaka mpira? Rudi Chekereni! Rudi kwa mama yako ukafukuze ndege kwenye mpunga, mikono hiyo haifai kwa kazi nyingine! Unasimama golini kama sanamu la shambani! Hata ndege hawakuogopi!"

Mtu mmoja akacheka. Halafu wa pili. Halafu wengi, hata baadhi ya mashabiki wa Mbega wenyewe, kwa sababu maneno yalikuwa makali na yamepangika vizuri, na mzee alikuwa ametunisha mishipa ya shingo. Denis alimtazama kidogo tu. Akageuka akaenda zake, hakukimbia.

Kantini, mashabiki walikusanyika kwenye chai na chapati. Isack, kijana mchekeshaji aliyekuwa akipiga tarumbeta, ndiye aliyekuwa wa kwanza kufufua mazungumzo. Ndani ya robo saa wakawa wanaigiza bao la nne, mmoja amejifanya beki anayeteleza. Wakaanza kuhesabu mechi zilizobaki.

"Babu, usikae hivyo," Grace alisema, akimsogezea kikombe. "Ligi bado mbichi hii. Ni mechi ya kwanza tu. Mwaka juzi si walianza kwa kufungwa, wakamaliza wa pili?"

"Tumefungwa, Babu, hatujafa," Isack akaongeza.

Hakuwa na nia mbaya. Ni maneno ambayo watu husema. Lakini Eliufoo alikitua kikombe mezani kwa kishindo, chai ikamwagika kwenye kitambaa cha plastiki. Akawatazama mmoja mmoja. Walikuwa wamesikitika kweli, lakini huzuni yao ilikuwa na mahali pa kukaa. Jumatatu walikuwa na darasa. Walikuwa na wapenzi, mitihani, safari za nyumbani. Wangeuweka mpira pembeni na kuuchukua tena Jumamosi nyingine. Yeye miezi saba yote alikuwa amejishikiza kwenye siku hii moja, na sasa siku imekwisha, na ilikuwa saa kumi na moja jioni tu.

"Nyinyi hamjui," alisema, akaondoka bila kuaga.

Jumapili kanisani hakusikia mahubiri. Aibu ilikuwa imeanza kumpanda polepole. Alijiambia kwamba Jumamosi ijayo, timu itakapocheza ugenini kule Himo, angemvuta Denis pembeni kabla ya mechi, amwombe radhi, wacheke, yaishe. Kijana mpole yule, angeelewa.

Hakujua kwamba mtu alikuwa amerekodi kwa simu. Jumatatu klipu ilikuwa imezunguka makundi yote ya WhatsApp ya chuo. Jumanne ilikuwa imefika kwenye vyuo vingine, mtu ameiwekea muziki na sauti za ndege. Denis akawa Mfukuza Ndege. Alipoingia bwenini watu walipiga mbinja kama ndege. Alipoingia bwalo la chakula, mmoja alirusha mchele hewani. Eliufoo hayo yote aliyajua Alhamisi, Grace alipompigia simu wakati anakata majani ya ng'ombe.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mama. Mnaondoka saa ngapi kwenda Himo? Nataka niwahi, nina neno na Denis."

"Denis hayupo, Babu. Ameondoka juzi. Amerudisha jezi kwa mwalimu wa michezo, akafunga begi lake." Ndipo akamweleza habari za klipu, kwa uangalifu, kama mtu anayemtoa mwenzake mwiba. Mwisho akasema, "Na kuna jingine. Wachezaji wamekaa kikao. Wanaomba Jumamosi usije."

"Nisije?"

"Hawana ubaya na wewe. Wanasema kila kipa atakayesimama atakuwa anasikia yale maneno akikuona. Ni kwa sasa tu, Babu. Mpaka mambo yatulie."

"Nipe Isack niongee naye."

"Isack yuko hapa. Ndiye aliyeniomba nipige mimi."

Jumamosi, wakati Mbega wanapanda gari kwenda Himo, Eliufoo alishuka mjini na kupanda pikipiki kwenda Chekereni. Alikuwa na ndizi mkungu mzima, kwa sababu hakujua mtu aende kuomba radhi amebeba nini. Joto la bondeni lilimkaba. Mpunga ulikuwa umesimama kijani pande zote, maji ya mfereji yakipita taratibu kati ya majaruba. Aliuliza njia mara mbili. Mara ya pili mwanamke mmoja alimtazama usoni, akamtazama tena, akanyoosha kidole bila kusema kitu.

Mama yake Denis aliitwa Dainess. Alikuwa mwanamke mwembamba, kanga imefungwa kiunoni kikazi, miguu ina tope mpaka magotini. Alimwamkia vizuri, akampa kiti, akampa maji ya kunywa kwenye kikombe safi. Ndizi alizipokea kwa mikono miwili, akaziweka kivulini. Baada ya hapo hakukaa naye. Alisimama mlangoni.

"Nimekuja kwa ajili ya Denis," Eliufoo alisema.

"Najua. Nimekuona kwenye simu ya jirani." Hakuinua sauti. "Mzee, mimi nimekaa kwenye maji haya miaka kumi na minane ili yeye asikae. Kila mtu hapa anajua mwanangu anasoma ualimu. Sasa watoto wadogo wakipita hapa wanapiga kelele za ndege. Watoto wa shule, hao hao ambao angewafundisha."

"Nimekosa, mama. Nimekosa sana. Nilifiwa na mke wangu—"

"Pole," alisema Dainess, na ilikuwa pole ya kweli. Lakini haikuendelea mbele ya hapo. "Yuko mfereji wa pili. Nenda ukamwone."

Denis alikuwa ndani ya mfereji, anatoa matope kwa koleo. Alipomwona mzee alipanda juu, akajifuta mikono kwenye suruali, akaamkia. Safari hii Eliufoo aliitikia. Wakakaa ukingoni. Mzee alisema yote aliyokuwa ameyapanga njiani: kwamba hasira ile haikumhusu Denis, kwamba msiba umemharibia akili, kwamba atasimama mbele ya chuo kizima aombe radhi, arekodiwe, klipu hiyo nayo izunguke.

"Usifanye hivyo, Babu," Denis alisema haraka. "Ukifanya, itaanza upya."

"Basi nifanye nini?"

Denis alifikiri. Alikuwa kijana wa kujibu swali aliloulizwa. "Hakuna, Babu. Nimeshakusamehe, siku ile ile. Hata mimi nilijua sidaki vizuri. Sijawahi kuwa kipa mzuri. Nilipenda tu kusimama pale, na nyinyi mnapiga ngoma nyuma yangu."

"Rudi chuoni basi. Achana na mpira, rudi usome tu."

"Mwezi wa pili tunapelekwa kufundisha mashuleni kwa mazoezi. Darasa la watu sabini. Nimejaribu kufikiria nimesimama mbele yao." Akachukua udongo, akaufinyangafinyanga. "Labda mwakani. Mama naye anasema labda mwakani."

Wote wawili walijua maana ya labda hiyo. Eliufoo alitaka kusema kwamba ni mechi moja tu, kwamba maisha ni marefu, kwamba watu husahau. Maneno ya Grace yote yalimjia mdomoni, na yote yalikuwa kweli, na akaona hana haki ya kusema hata moja. Akamshika kijana bega. Denis alimwacha amshike, akasubiri mpaka mkono uondoke, kisha akashuka tena kwenye mfereji wake.

Alifika Kidia saa kumi na mbili kasorobo, magoti yanamuuma. Ukungu ulikuwa umeshuka kwenye migomba. Alimpa ng'ombe majani, akachota maji, akaketi kwenye ngazi ya mlango bila kuvua viatu. Simu ikalia mfukoni. Ulikuwa ujumbe wa sauti kutoka kwa Grace, na kabla binti hajasema chochote zilisikika kelele za watu kwenye gari, tarumbeta ya Isack, na nyimbo.

"Babu! Tumeshinda! Mbili bila, hapo hapo Himo kwao! Kipa mpya amedaka mpaka penalti! Si nilikwambia, ligi bado mbichi? Kaa ujue tunakupenda, Babu. Wiki ijayo nitaongea nao tena kuhusu wewe, au ile inayofuata."

Nyuma yake mtu akapiga mbinja ya ndege, na gari zima likacheka, na ujumbe ukakatika.

Eliufoo alikaa akingojea furaha. Aliingoja kama mtu anavyongoja chafya, uso umeinuliwa kidogo. Mbili bila, ugenini. Zamani habari hiyo ingempeleka mbio jikoni kumwambia Eliza. Alisikiliza ujumbe mara ya pili, akauzima kabla ya kufika mwisho. Jirani yake Yakobo akapita barabarani na tochi, akamsalimia, akamuuliza timu yake imefanyaje leo.

"Wameshinda," alijibu.

"Aa! Basi leo utalala vizuri, mzee!"

"Eeh," Eliufoo akasema, na akabaki amekaa pale, mpaka mwanga wa tochi ya Yakobo ukapotea kwenye kona.