Aliyelala na Aliyeugua

Mijusi wale wawili walitoka nyumba moja. Dada yangu Sella alifanya kazi ya ndani kwa familia ya Waaustralia kule Lavington, Nairobi, na Hamdan alikuwa dereva wao. Familia ilipofunga virago kurudi kwao, mwanzoni mwa mwaka wa tisini na sita, mijusi hawakuruhusiwa kupanda ndege. Watoto walilia sana. Sella akasema atamchukua mmoja. Hamdan, ambaye hapendi kupitwa, akasema basi wa pili ni wake.

Ndivyo mjusi mwenye ndevu za miiba, mrefu kama mkono wangu toka kiwiko hadi vidole, alivyokuja kuishi nasi Kawangware, karibu na kituo cha 46. Tulimwita Mzee. Wa Hamdan alienda Kibera, upande wa Silanga, akaitwa Sultani.

Sella alinunua cherehani akaanza kushona mlangoni kwetu. Mzee alikaa kando yake akiota jua, akila panzi, mende na sukuma wiki iliyokatwa nyembamba. Mwanzoni wateja walimkwepa, baadaye wakawa wanamletea panzi wenyewe.

Mwezi wa sita mawingu yakafunga anga. Mzee akaanza kubakisha chakula, kila siku kidogo zaidi, mpaka akakataa kabisa. Akajikokota chini ya kitanda, akaingia ndani ya katoni ya vipande vya nguo, akalala. Kesho yake hakutoka, wala kesho kutwa.

"Huyu anakufa," nilimwambia Sella. "Tumtoe kabla hajanuka."

"Annet, hebu nimwangalie kwanza."

Alimpeleka kwa Wayua, muuza viazi jirani yetu, akaomba kumpima kwenye mizani. Wayua aligoma mpaka mjusi alipotiwa ndani ya mfuko. Baada ya wiki Sella alirudi kumpima tena, na wiki iliyofuata vilevile. Mshale ulisimama palepale.

"Mgonjwa hukonda," aliniambia. "Kuku wa mama wakiugua, si ulikuwa ukiwashika kifuani unapata mfupa mtupu? Huyu hajapungua."

Akanionyesha na mengine. Shina la mkia lilikuwa nene. Mdomo ulikuwa safi. Pumzi zilikuja polepole, bila sauti. Akimbeba, Mzee alifungua macho maangavu, akatutazama kama mtu aliyekatiziwa usingizi, kisha akayafumba. Akimdondoshea tone la maji mdomoni, alilamba.

"Kule Lavington walikuwa na taa ya joto mchana kutwa," Sella alisema. "Hapa hata jua hatuna. Nafikiri anaikwepa baridi mpaka ipite."

Hakuna aliyemfundisha hayo. Mimi nilikuwa nimemwona mnyama yuleyule, chumba kilekile, na nilichoona ni maiti tu.

Jumapili moja Hamdan alikuja kushonewa suruali. Sella alipomweleza habari za Mzee, alishusha pumzi akacheka. "Kumbe ni usingizi! Hata Sultani amelala. Nimekuwa na wasiwasi bure."

Sella akasimamisha cherehani. "Alianza vipi?"

"Ghafla tu. Leo amekula vizuri, kesho ameanguka."

"Mkia wake ni mnene ama umekonda?"

Hamdan hakujua. Sella akajifunga leso, akaniambia tutoke.

Tulitembea hadi Silanga. Fahima, mke wa Hamdan, alitutolea kikapu kilichokaa chini kwenye ukuta unaotoa unyevu, maana nyumba yao iko karibu na bwawa. Sella alimnyanyua Sultani akamgeuzia kwenye mwanga. Macho yalikuwa yamedidimia. Mifupa ya mkia ilijitokeza. Mdomo ulikuwa wazi kidogo, na mate mazito yalivutika kama uzi. Nilipoinama nilisikia kifua kikikoroma.

"Huyu hajalala," Sella alisema. "Huyu ni mgonjwa."

"Lakini si amefumba macho kama wako?" Fahima aliuliza.

"Wangu nikimshika anaamka. Nikimlaza chali anajigeuza mwenyewe. Huyu mtazame." Akamlaza chali juu ya leso. Sultani alibaki vilevile, miguu juu.

Hamdan aliketi kitandani akafunika uso kwa viganja. Fahima akawasha jiko. Alichemsha maji, akayapoza kidogo, akayatia kwenye chupa, akaifunga kwa kitambaa na kuiweka ubavuni mwa mjusi ambaye siku zote alidai hampendi.

Kesho yake tulimpeleka kwa daktari wa wanyama. Alimsikiliza Sultani kifua, akasema mapafu yameshika ugonjwa kwa sababu ya baridi na unyevu, na kwamba wangechelewa kidogo tu wangempoteza. Akamdunga sindano. Sella alimuuliza maswali mengi, naye akayajibu yote bila haraka. Alimwambia asimlazimishe Mzee kula, kwa sababu bila joto chakula kitaozea tumboni.

Sindano zilizobaki Fahima alizidunga mwenyewe. Kikapu kikahamia karibu na jiko. Sella alikuwa akifunga cherehani mapema na kwenda Silanga kumtazama mgonjwa, kisha anarudi kumtazama aliyelala.

Mwezi wa nane ukielekea mwisho, Sultani alimeza mende. Hamdan alikuja mbio mpaka kwetu kutuambia.

Mzee bado alikuwa katonini. Jua lilirudi mwezi wa tisa, na asubuhi moja nilisikia vipande vya nguo vikichakarika. Alitoka, akavuka sakafu taratibu, akafika mlangoni penye mwanga na kuinua kichwa.

Sella alikuwa na uzi mdomoni. Akautoa, akapiga magoti, akamwekea kisahani cha maji. Mzee akanywa muda mrefu. Nilimtazama dada yangu nikaona machozi yanamtoka, naye hayafuti. Miezi yote ile alikuwa ametuliza wapangaji wa plot nzima kwamba mjusi ni mzima, na kumbe hofu yake aliibeba peke yake.

"Nilidhani ulikuwa na hakika," nilimwambia.

"Nilikuwa namwangalia tu kila siku," akasema, akanituma nikamtafutie panzi.