Rafu Kati ya Nguzo Mbili

Mwalimu wa sayansi alikuwa amechoka hadi kwenye kope. Mizani na mitungi ya kupimia ilikuwa imefungiwa kabatini kwa mwalimu mkuu, naye alishasema neno lake la mwisho: haitoki mpaka darasa liwe na rafu, mbali na viwiko vya watoto. Mbao ilikuwa moja tu. Basi somo la vipimo likafanyika pale pale, kwenye nafasi kati ya nguzo mbili za ukutani. Kipimo watakachotoa wanafunzi ndicho fundi seremala atakachokatia.

“Haya. Upana?”

“Mita mia na ishirini,” alisema kiranja bila wasiwasi.

“Mwanangu, hiyo ni rafu au barabara?”

Darasa likacheka. Kiranja akajikuna shingo. “Basi milimita.”

“Hapo atalala mjusi, tena akunje mkia.”

“Kwani kilo haifai?” iliuliza sauti ya nyuma.

Mwalimu alifumba macho. Wiki nzima alikuwa akitwanga maji kinuni. Mwishowe binti wa dawati la mbele alinong’ona, “Sentimita,” na darasa zima likadakia kana kwamba lilijua tangu kuzaliwa. Mwalimu nusura alie kwa faraja. Alimwandikia fundi 120 wala hakuusogelea ukuta.

Baada ya mapumziko fundi alileta mbao, akaisukuma kati ya nguzo. Ikapita bila kugusa upande wowote.

“Mwalimu,” alisema fundi taratibu, “mbao ikishakatwa haioti tena.”

“Kiranja, njoo hapa. Nionyeshe mlivyopima.”

Kiranja alilaza rula, akatia alama ya chaki kwenye ncha yake, akaisogeza. “Thelathini. Sitini. Tisini. Mia na ishirini.” Alifika nguzo ya pili akitabasamu.

Mwalimu aliichukua ile rula. Kabla ya sifuri palikuwa na nafasi tupu ya nusu sentimita, na baada ya thelathini nyingine kama hiyo.

“Na hapa je?”

“Hapo hapana namba, mwalimu. Tukaona si pa kuhesabiwa.”

Maneno makali yalimjaa mdomoni, akayameza. Asubuhi nzima alipigania mita na sentimita, hakutazama hata mkono mmoja ukipima.

“Lakini safari hii hatukusema mita,” kiranja alijitetea.

“Nyamaza, baba. Nakuomba.”

Fundi alikohoa. “Nina vipande vya mbao. Nikipigilia kimoja kila nguzo, rafu itashika. Niambieni unene tu.”

“Sentimita mbili mbili,” alisema kiranja.

Alikuwa sahihi. Hata hivyo mwalimu alipiga magoti vumbini, akaweka sifuri yenyewe kwenye nguzo, akapima. Kisha akapima tena.