Nusu Yako, Nusu Yangu

Mimi Magesa sipendi kusubiri na sipendi kuambiwa hapana. Ndiyo maana machimboni Runzewe wananiita Bwana Lipa. Kitu kikiwa na bei, nalipa yote, maneno yanaisha. Msiba wa baba niliugharamia peke yangu, kuanzia jeneza hadi sukari, na michango ya watu nikairudisha. Mdogo wangu Athanas akanuna, akaacha kunisemesha. Unamsaidia mtu, ananuna!

Sasa siku hiyo natoka porini, naingia Kahama, simu inapata mtandao na kuanza kulia mfululizo. Mama amefariki tangu juzi. Anazikwa leo saa kumi, nyumbani Musoma. Jua lilikuwa limeshapanda, na kwa gari ningekuta kaburi limeshafukiwa. Nikakaa chini palepale kando ya barabara, mwanaume mzima, nikalia.

Nikamkumbuka Dorah, binti wa jirani yangu wa mtaa wa Nyasubi, hapohapo Kahama. Ni karani wa mizigo bandari kavu ya Isaka, lakini mshahara wake wote unaishia angani. Amesomea urubani, ana leseni ya binafsi, na siku za mapumziko hukodi kandege kadogo ili aongeze saa zake za kuruka. Nilimkuta uwanja wa ndege akijiandaa kwenda Mwanza.

"Shikamoo, Baba Loveness."

"Marahaba. Nipeleke Musoma, binti yangu. Mama anazikwa leo." Nikamtia bunda zima la noti mkononi. "Chukua lote."

"Mayu wee! Pole sana, baba." Machozi yakamlengalenga. Lakini bunda akanirudishia. "Gharama ya safari tunagawana sawa. Nusu yako, nusu yangu. Leseni yangu hainiruhusu kubeba mtu kwa biashara. Ukinilipia na fungu langu, nimekuwa teksi."

"Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Basi toa hiyo nusu yako twende!"

Akafungua pochi, akahesabu. Alikuwa amejipanga kwa Mwanza tu; Musoma ni mbali zaidi, hela hiyo hakuwa nayo. Hapo nikapandisha hasira. "Yaani unaninyima mama yangu kwa ajili ya sheria? Una roho ya jiwe wewe!" Watu wakageuka kututazama.

Alisogea pembeni, akapiga simu, nikamsikia: "Mwalimu, ule mtihani wangu wa leseni ya biashara, naomba uniahirishie. Hela ya ada naihitaji leo kwa safari." Mtihani ule Nyasubi nzima tuliujua. Ada yake alikuwa anaidunduliza kwa kulala njaa. Akarudi macho makavu, akapokea nusu yangu tu, akanifungulia mlango.

"Panda, baba. Funga mkanda."

Jamani, binti yule! Nimefanya kazi na wanaume wanaoshuka ardhini kwa kamba, sijaona moyo kama ule. Njia nzima nilitaka kumwomba radhi, nikaishia kutazama dirishani. Yeye mikono imetulia, macho mbele, hata tulipolipita ziwa kwenye upepo mkali.

Tulifika mwili ukiwa bado sebuleni. Nikamwona mama yangu. Nikamshika uso. Dorah alikuwa amesimama nyuma na akina mama, kiunoni khanga ya kuazima, analia na watu asiowajua.

Nikatoka nje. Athanas alikuwa mezani na wazee, mbele yao sahani ya michango. Aliponiona, akakaza taya. Alijua ninachokuja kufanya, na kweli mkono wangu ulikuwa umeshaingia mfukoni, umeshalishika bunda. Nikageuka kidogo, nikamwona Dorah mlangoni.

"Athanas," nikasema. "Fungu langu ni kiasi gani?"

Akanitazama kana kwamba hakunisikia vizuri.

"Sawa na la kila mmoja wetu, kaka."

Nikahesabu hilo tu, nikaliweka kwenye sahani pamoja na mafungu ya wenzangu. Athanas akasimama, akanishika bega, tukaingia ndani pamoja. Akaniachia mpini wa mbele wa jeneza upande mmoja, yeye akashika wa upande wa pili.