Kipande cha Mama Trésor

"We Adija, umezika nini? Rudia, watu wote wasikie!"

"Nyama yako, dada. Juzi, kwa bismillahi. Nyama ya mutu haikai kabatini karibu na sukari."

"Nani alikutuma?"

"Kuna mutu anatumwa kuzika?"

Ua mzima ulikuwa nje, kila mmoja na sufuria mkononi akijifanya anasugua. Huku mtaani Bwiza, risasi zikilia mtaa wa Kamenge watu hujifungia. Ugomvi ukilia, hata wagonjwa hutoka.

Odette, mwenye nyama, aliegemea ukuta, kiganja juu ya kidonda. Miaka sita alibeba uvimbe kando ya kovu alipopasuliwa kumzaa Trésor. Ulivimba na kumchoma kila akiingia siku zake, kisha ukanywea. Madaktari watatu, mabwana wazima, walimwambia ni uchungu wa wanawake, azae tena utapita. Wa nne, binti mwenye viatu vilivyochanika, ndiye aliyeukata.

"Mama Trésor," alimwambia, "hii ni nyama ya ndani ya kizazi, imepotea njia ikaota kwenye kovu. Mara nyingi si kansa. Mara chache hugeuka. Yako ilikuwa ngumu, siipendi. Peleka maabara waitazame."

Akampa chupa yenye dawa ya kuhifadhia, na karatasi. Apeleke mwenyewe, kwa mguu, kama anayepeleka maziwa.

Dirishani pa maabara alikaa Népomuscène, tai na tumbo, mtu aliyejua neno moja tu duniani: muhuri. Siku ya kwanza karatasi haikuwa nao. Ya pili ulikuwepo, lakini wa bluu, naye alitaka mwekundu. Ya tatu dirisha lilifungwa: mabwana walikuwa kwenye semina ya kuboresha huduma. Odette akaiweka chupa kabatini kungoja Jumatatu. Adija, aliyekuja kumfulia, akaiona. Kwao Waislamu kiungo kilichokatwa hakitupwi. Huoshwa, huvishwa kitambaa cheupe, huzikwa.

Adija akaonyesha mahali, wakafukua nyuma ya choo. Kitambaa kilikuwa kimefungwa vizuri kuliko maiti wengi wa mwaka ule wa vita. Ndani, siafu walikwisha kuanza kazi, wala hawakuuliza muhuri.

Odette akakirudisha kilichobaki kwenye chupa, akaenda kwa yule binti. Daktari alitazama, akagonga muhuri mwekundu.

"Jaribu. Wakikataa hatutajua kamwe. Uvimbe ukirudi, usingoje hata siku moja."

Népomuscène alisoma karatasi mpaka mwisho, akatabasamu.

"Safi kabisa, mama. Karatasi haina kosa. Nyama ndiyo haifai."

"Na ilipokuwa nzima?"

"Karatasi ndiyo haikufaa."

Akavuta droo, akatoa muhuri, mwekundu, mnono, akagonga: IMEKATALIWA. Kumbe siku zote alikuwa ameukalia.

Adija alikuwa bado kizingitini pa Odette, hajapika, macho yamemvimba. Wenye sufuria nao walikuwepo, wakingoja ugomvi uendelee.

"Wameisoma?"

"Apana. Na haitasomwa tena."

"Basi mi ndiye nimekuua, dada."

"We umekosa, Adija, sitakudanganya. Lakini we uliiosha, ukaifunga. Yule wa dirishani hakufungua hata kifuniko."

Odette akasukuma mlango, akawatazama wasuguaji mmoja mmoja mpaka wakainamia sufuria zao.

"Mbona unakaa nje kama kwenye msiba? Nimekufa? Inuka. Kuna maharage, na visamaki vya ndagala kidogo. Ingia tule."