Albamu ya Verlene Yapimwa kwa Miguu

Mimi humpigia fidla mwimbaji Verlene Stockard, na sina subira na mtu anayesema sauti yake imechakaa. Gazeti la Nashville liliandika hivyohivyo kuhusu albamu yake mpya: mama amezeeka, apumzike. Redio nazo zikajifanya hazina habari. Ndipo kampuni ya muziki ikamtuma Kessinger, kijana aliyesimamia albamu hiyo, aje na shauri lake: sauti ipitishwe kwenye mashine, ilainishwe, albamu itoke upya. Akikataa, wanaifuta.

"Bi Verlene, tunaondoa mikwaruzo tu," alisema.

"Mikwaruzo hiyo nimeihangaikia tangu mama yako hajavunja ungo." Verlene alikuwa anakoroga kahawa, hata macho hakuinua. "Jumamosi twende Texas, kwenye ukumbi wa dansi wa Hertha. Wapigiwe albamu kama ilivyo. Wakicheza, unaiacha. Wasipocheza, sauti yangu ipikie uji ukitaka."

Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Watu wa kwa Hertha nawajua, hawachezi wimbo wa mtu kwa kumwonea huruma. Wimbo usipowaingia miguuni wanarudi kwenye bia zao, hata kama aliyeimba ni mama yao mzazi.

Jumamosi Hertha aliweka santuri bila kutaja jina la mtu. Wimbo wa kwanza, buti zikajaa sakafuni. Wa pili vilevile. Nikamtazama Kessinger, nikamwachia ajionee mwenyewe.

Kisha ikaja waltzi, dansi ya polepole ya wawili wawili, ile aliyoitunga Verlene alipomzika mumewe, Royce. Katikati, anapolitaja jina lake, sauti inakatika. Hapo ndipo hasa gazeti lilipomcheka. Na hapo hapo wachezaji wakasimama tuli, ukumbi mzima, mikono ingali viunoni mwa wenzao.

Kessinger akainama, akasema taratibu, "Wamesimama, Bi Verlene."

"Nimeona. Ahadi ni deni. Ichukue." Akanyoosha mkono kuchukua kofia yake. Nilitaka kulia, sitanii.

Wimbo ulipoisha, mfuga ng'ombe mmoja, mzee Alvin, akapaza sauti kutoka katikati ya sakafu. "Hertha, turudishie huo. Tumeshindwa kuucheza kwa kuusikiliza."

"Turudishie," wakadakia wengine. Hakuna aliyerudi kwenye kiti.

Hertha akarudisha sindano. Safari hii wakacheza, wengine mashavu yamelowa na hawajifuti. Verlene akaiacha kofia, akasimama mbele ya Kessinger.

"Unajua kucheza?"

"Albamu inabaki ilivyo, Bi Verlene. Sigusi kitu."

"Hilo sikukuuliza. Unajua kucheza?"

"Sijui."

Akamkokota hadi sakafuni. Alimzungusha vizuri tu, kijana akihesabu hatua kwa midomo, mpaka spika zikafika kwenye jina la Royce na ile sauti ikakatika. Kessinger akasimama, akamtazama usoni.

"Usisimame, mwanangu," Verlene akamwambia. "Twende."