Rangi Isiyo na Chama

Mchoro wa kwanza Mama Kaze aliukataa hata gundi haijakauka.

Niseme kwanza jinsi ninavyofanya kazi, maana hapa mtaani Kimisagara wananisema kwamba nina kichwa kigumu. Mimi sipaki gari la mtu rangi kabla hajauona mchoro. Nauchora kwenye karatasi, ukubwa ule ule utakaokuwa kwenye bati, pamoja na rangi zake zote. Naubandika ubavuni mwa gari, halafu namwambia mwenye gari avuke barabara autazame kutoka ng'ambo, kwa sababu wateja wake watauona kutoka huko, si kwa kuusogezea pua. Akirudi akasema ndiyo, naanza kazi. Akisema hapana, naukunja na kuutupa chini ya benchi.

Mama Kaze alikuwa mwoka mikate. Yeye na mumewe, Damascène, walinunua kamioneti, gari dogo la mizigo, kuukuu, ya kupeleka mikate madukani, kuanzia Gatsata mpaka Kabeza, na Damascène ndiye angeiendesha. Nilifurahi, sikufichi. Mwaka ule wa tisini na tatu nilikuwa nachora mabango ya vyama vya siasa tu, asubuhi mpaka jioni, nikawa nimeyachoka kama dawa chungu. Sasa nimepata mkate. Nikauchora umepasuka juu, unatoa mvuke, na chini yake utepe mwekundu.

Mama Kaze akavuka, akatazama, akarudi haraka.

"Fundi, mkate iko muzuri. Ile nyekundu utoe."

"Nyekundu imekukosea nini, Mama Kaze?"

"Iko ya bale." Akaonyesha kwa kidevu, upande wa Nyabugogo na Gatsata, kwa wale wenye kofia nyekundu. Siku zile watu hawakupenda kutaja vyama kwa majina barabarani. "Damascène akifika Kabeza na nyekundu, bale bengine watamutoa ndani ya gari."

Hilo halikuwa neno la mchezo. Vijana wa vyama walikuwa wanakaa njiani na kofia zao, wanasimamisha magari, wanamuuliza dereva yuko upande gani. Mchukuzi mmoja wa makaa tuliyemjua alirudishwa nyumbani amebebwa. Nikakubali, nikachora utepe wa kijani.

Safari hii mwenye kukataa alikuwa Eustache, fundi cherehani wa mlango wa pili, ambaye hakuna aliyemwita. Alitoka na futi ya kitambaa shingoni. Eustache alikuwa anashona kofia za vyama, vyote, bila ubaguzi, na biashara ilimnenepesha.

"Sha, ndugu, kofia za kijani hiyo nashona tangu asubuhi," alisema.

Nikachora njano. Akacheka tu, akarudi kwenye cherehani yake. Nikachora buluu, na hapo Mama Kaze mwenyewe alishapata matumaini. Eustache akaingia ndani, akatoka na kipande cha kitambaa, akakiweka juu ya karatasi yangu. Kilikuwa cha buluu ile ile. Hasira zikanipanda. Miaka yote hiyo nachanganya rangi, leo naambiwa kila kopo langu lina mwenyewe, na mwenyewe si mimi.

"Basi nitajie rangi moja ambayo hujaishonea kofia," nilimwambia.

Alihesabu kwa vidole, kwa dhati kabisa. "Ya udongo," alisema. "Hiyo hakuna anavaa."

Nikauma meno, nikachora tena. Gari jeupe lote. Mkate wa kahawia, kama mkate ulivyo, na maandishi ya kahawia. Hakuna utepe. Mama Kaze akavuka barabara, akasimama ng'ambo muda mrefu, lori likapita kati yetu likamficha, nami nikamngoja nimeshika kiuno. Aliporudi alikuwa anatabasamu.

"Ndiyo, fundi. Hii hata mutoto hawezi kuigombania."

Nikapaka. Nilipiga msasa, nikapaka nyeupe, nikangoja ikauke, ndipo nikaanza mkate. Nikwambie, ule mkate ulikuwa mzuri. Wapita njia walisimama. Hata Eustache aliacha kofia zake akaja kuutazama.

Jumatatu asubuhi Damascène aliondoka na mikate ya kwanza. Nilisimama mlangoni mpaka akapotea kwenye kona.

Alirudi kabla ya adhuhuri. Mkate wangu ulikuwa umefutwa kwa rangi iliyopakwa kwa mikono mitupu, bado mbichi, inachuruzika mpaka kwenye gurudumu. Damascène alishuka polepole. Mdomo umevimba, shati limechanika begani. Mama Kaze alikuwa ameshafika, sijui nani alimwambia.

"Gatsata hapo juu," Damascène alisema. "Baliuliza niko chama gani. Nikasema naleta mikate. Basema kila gari iko na rangi yake, hii yako imeficha. Mwenye anaficha, basema, iko adui."

Nilitukana. Niliapa nitaisafisha gari ile kwa petroli, niurudishe mkate pale pale, waje waufute tena tuone. Hakuna aliyenisikiliza. Mama Kaze aliinama chini ya benchi, akaitoa michoro yangu yote iliyokataliwa, akaikunjua mmoja mmoja juu ya boneti.

"Unaogopa wapi zaidi?" alimuuliza mumewe. "Gatsata ao Kabeza?"

Damascène alifikiri kama mgonjwa anayeulizwa maumivu yako wapi. "Gatsata. Kabeza naweza kuzunguka kwa nyuma."

Mama Kaze akachukua mchoro wa kwanza, wa utepe mwekundu, akanipa. "Hii."

"Vuka kwanza uutazame," nilisema. Ndiyo desturi yangu, na wakati ule sikuwa na kingine cha kushikilia.

Hakuondoka pale alipokuwa. "Nimeshaona, fundi."

Nilikwenda kuleta kopo la nyekundu. Nilikuwa na hasira na vijana wale, na hasira na Eustache, na zaidi na kopo lenyewe lililokuwa mkononi mwangu. Nikamuuliza Mama Kaze kama niuanze mkate kwanza, ule wa mvuke, halafu utepe ufuate chini yake. Alikuwa anamfuta mumewe damu mdomoni kwa ncha ya kitenge, hakugeuka.

"Mkate uache," alisema. "Hakuna aliuliza tunauza nini."